Mlinzi kafunga gari mnyororo kwenye njia ya zimamoto, alikuwa na haki?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kijitonyama: "Shikamoo mzee wangu. Ni mpangaji kwenye apatimenti za ghorofa nne, nyumba 16, geti moja. Pembeni kuna njia inazunguka mpaka nyuma, ina mistari ya njano na ukutani pameandikwa NJIA YA ZIMAMOTO USIPAKI HAPA. Mwaka huu mwenye nyumba kaanza kuwapangisha wenye maduka ya mbele wapaki humo, elfu sitini kwa mwezi. Wiki iliyopita kaka yangu kaja kunishushia mzigo, kapaki Vitz yake nusu ikiwa kwenye hiyo mistari, dakika ishirini tu, kushuka anakuta mlinzi keshafunga tairi mnyororo anataka elfu hamsini. Harrier ya mwenye duka ipo hapohapo, haijaguswa. Tukalipa elfu thelathini, risiti hamna. Ndugu yetu aliyeko California anasema kule gari lingevutwa palepale. Walikuwa na haki? Ile njia ni ya nani? Na tukalalamike wapi, TARURA au trafiki?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo elfu thelathini. Swali lako nimelisoma mara mbili maana humo ndani kuna mambo mawili na watu wengi mjini hapa wanayachanganya, kuna paking na kuna njia ya zimamoto. Paking iliyo ndani ya geti ni mali ya mwenye nyumba, yeye ndo anapanga nani akae wapi, wageni waingie au wapaki nje, achaji au asichaji, ni makubaliano yenu mimi na wewe hatuna la kusema. Njia ya zimamoto nayo ipo kwenye kiwanja chake na kodi ya ardhi analipa yeye, sawa, lakini matumizi ya ile njia yalishaamuliwa siku michoro ya jengo ilipogongwa muhuri wa kibali. Pale hana nafasi ya kupangisha. Anachokiuza kwa elfu sitini ni nafasi ya gari la zimamoto kuwafikia nyinyi watu wa nyumba 16.

Kwa hiyo nianze na lile litakalokuuma kidogo, kaka yako alikosea. Dakika ishirini ni nyingi sana. Moto wa jikoni ukishashika pazia, dakika tatu nne chumba kizima kinakuwa kimeshawaka, sasa hizi nyumba zetu zina masofa ya sponji, dari za gipsam zenye nyaya juu, mtungi wa gesi jikoni na mwingine wa akiba baraza la nyuma. Lakini Harrier ilikosea zaidi kwa sababu inalala pale, na mwenye nyumba kakosea kuliko wote hao wawili maana yeye ndo kaweka bei.

Ngoja nikueleze kwa nini naliongea hili kwa uchungu. Nimefanya kazi ya kuzima moto na baadaye ukaguzi wa kinga na tahadhari kwa miaka mingi, na kuna usiku mmoja siusahau, jengo la ghorofa tatu, moto umeanzia jikoni ghorofa ya pili. Getini tulifika vizuri tu, geti limefunguliwa, mlinzi yupo macho, watu wanatuonyesha njia. Tunakata kona kwenda ubavuni tunakutana na Noah imekaa katikati ya njia, hendibreki juu, usukani umejifunga, mwenyewe kasafiri. Tukashuka watu saba tukashika bampa la nyuma, moja mbili tatu nyanyua, tukawa tunairusha inasogea kiganja kimoja, tunarudia, kiganja kingine, mikono imejaa kutu na wakati huo juu kuna mama anapiga kelele kwenye nondo za dirisha. Mwishowe tukaacha, tukaunga mipira ya ziada tukaivuta kwa miguu mpaka nyuma. Yule mama alitoka mzima, Mwenyezi Mungu alisaidia, na vijana wawili wa jirani walioleta ngazi ya fundi rangi nao walisaidia. Ila moto wa jiko moja ulikula nyumba tatu. Tungepita palepale ungeishia jikoni na sebule.

Sasa chukua hesabu ya kwako. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu, bado vioo vya pembeni. Likisimama lazima milango ya pembeni ifunguke, watu washuke, mipira na ngazi zitolewe, huwezi kufanya hayo mgongo umebanwa na ukuta. Ndo maana Uingereza muongozo wao unataka njia ya gari la zimamoto iwe na mita 3.7 wazi, na ile kanuni ya usalama wa moto wanayoitumia miji mingi ya Marekani inataka futi 20, yaani mita sita na kidogo, na juu pawe wazi zaidi ya mita nne. Njia nyingi za apatimenti zetu ninazopima zinacheza kwenye mita nne. Harrier ya kizazi cha katikati ina upana wa mita 1.85 hivi. Toa kwenye nne, unabaki na mita 2.15, yaani gari la zimamoto halipiti hata dereva awe fundi wa namna gani. Vitz ya kaka yako ni mita 1.7, ukitoa unabaki na 2.3, halipiti vilevile. Watu wanaponiambia "mzee nimeacha nafasi" huwa natoa tepu mfukoni, hatubishani.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana nalo linaniogopesha kuliko upana. Maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo gari lenye tenki la lita elfu kumi limebeba tani kumi za maji tupu, hujahesabu chuma, injini na watu. Halafu nyumba zetu za Dar chemba na shimo la maji taka mara nyingi vimefukiwa hukohuko pembeni au nyuma, juu pametandikwa pevingi nzuri huwezi kujua. Mfuniko uliomwagwa kwa ajili ya kubeba IST haubebi hilo gari. Nimeona tairi la nyuma limezama mpaka kwenye ekseli ndani ya shimo la choo na gari likawa halifai tena kwa kazi ya usiku ule. Kwa hiyo siku ukipata nafasi ya kuzungumza na mwenye nyumba muulize shimo lipo wapi, na kama lipo kwenye njia, mfuniko wake una nondo na unene gani. Hilo swali litamshtua kuliko la paking.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Mlinzi sio trafiki na sio TARURA. Hana mamlaka ya kukupiga faini, neno faini ni la serikali. Anachoweza kudai mwenye eneo ni malipo ya kuvunja masharti ya eneo lake, na masharti hayo lazima uwe uliyaona kabla hujaingia. Yaani kibao kiwe getini au palepale unapopaki, kinasomeka usiku na mchana, kimesema gari litafungwa, utalipa kiasi gani, utampigia nani. Kama kibao kinasema USIPAKI HAPA tu, bei inatoka mdomoni mwa mlinzi, inaanzia hamsini inashuka thelathini kwa sababu mmelalamika, hapo hamna malipo ya masharti, hapo kuna mtu kashika mali yako mpaka umpe hela. Na ushahidi mkubwa kwamba hakuwa analinda njia ni ile Harrier. Angekuwa analinda njia angefunga zote mbili, au tuseme ukweli, asingefunga hata moja, kwa sababu gari lililofungwa mnyororo kwenye njia ya zimamoto ndo limezidi kuwa kizuizi. Fikiria moto umetokea saa ile Vitz ina mnyororo na mwenye ufunguo kaenda kula chipsi. Hii sheria ya nyumbani ya kufunga mnyororo kwenye njia ya dharura ifutwe leo hii, anayepaki pale aitwe kwa simu, honi, kengele ya mlango, atoke palepale, basi.

Wenzetu walishapitia haya. Scotland wenye maeneo binafsi walizuiwa kufunga magari mnyororo tangu 1992, England na Wales wakafuata Oktoba 2012, maana ilikuwa imegeuka biashara ya kuvizia watu. Na huyo ndugu yako wa California hajakudanganya, kule njia ya zimamoto iliyowekewa alama inakatazwa kupaki hata kama ipo kwenye kiwanja cha mtu binafsi, na gari linavutwa kwa gharama za mwenye gari. Lakini mwambie amalizie habari yote, kwamba kule mwenye eneo akitaka kuvuta magari ya watu kwenye eneo lake kwa kutegemea kibao, sheria yao inataja mpaka ukubwa wa hicho kibao, inchi 17 kwa 22, na herufi zisiwe chini ya inchi moja kwa urefu, na kiwe na namba ya simu ya polisi. Hatutumii sheria zao hapa, usiende kumtajia mlinzi California atakucheka, ila hilo wazo ndo la kuchukua, mwenye haki ya kuvuta lazima kwanza atimize wajibu wa kutangaza.

Hapa kwetu ukisikia bredauni inakuja kuvuta gari lako kabla hujafika, omba jambo moja kwenye simu, waje na ile ya kupakia gari mgongoni, sio ya kuburuza. IST, Vitz na ndugu zao wengi ni gia otomatiki na zinavutwa na tairi za mbele, ukiinua nyuma ukaburuza za mbele chini gia boksi unaiaga. Harrier na RAV4 za fowili ndo mbaya zaidi, ukiacha tairi mbili zozote chini umeharibu. Piga picha pande zote nne, kilometa kwenye dashibodi, na mikwaruzo ya zamani, kabla halijaondoka.

Na mkishafungwa mnyororo msiukate. Najua hasira, grainda ipo kwa fundi geti hapo jirani, lakini ule mnyororo na kufuli ni mali ya mtu, ukikata unageuka wewe mtuhumiwa wa kuharibu mali na wao wanakuwa walalamikaji. Piga picha kibao kilichopo au mahali ambapo kibao hakipo, piga picha Harrier iliyo huru ukionyesha na saa, uliza jina la mlinzi na kampuni yake, dai risiti ya EFD. Wakikataa risiti lipa kwa simu kama ni lazima uondoke, kamwe usitoe keshi, maana ujumbe wa muamala unabaki na jina la aliyepokea. Ukishatoka nenda kituo cha polisi kaeleze, halafu nakala peleka kwa kampuni ya ulinzi. Kampuni nyingi hazijui kabisa kwamba mlinzi wao kafungua mradi wa minyororo.

TARURA haihusiki humo ndani. Wao wanasimamia paking za barabarani, zile unakuta umeandikiwa deni unalilipa kwa kontroo namba. Kuanzia geti kurudi ndani sio kwao. Trafiki naye kazi yake ni barabara, na hapo anaweza kukusaidia kwa upande wa nje tu, maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha gari barabarani kwa namna ya kuzuia wengine, kwa hiyo kama wateja wa maduka wanapaki wameziba mdomo wa geti kwa nje, hilo ni la trafiki. Usilidharau, maana njia ya ndani inaweza kuwa nyeupe na bado gari la zimamoto likakwama nje kwa sababu ya Hiace mbili na bajaji ya mihogo.

Wenye kesi yako hasa ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lipo kwa sheria ya mwaka 2007, na kazi yake sio kuzima tu, linakagua majengo na kutoa vyeti vya usalama wa moto. Wewe mpangaji una haki kamili ya kwenda ofisi yao ya Kinondoni ukaomba wakaguzi waje, huhitaji ruhusa ya mwenye nyumba wala wakili. Andika barua ukurasa mmoja, jengo lipo mtaa gani, ghorofa ngapi, nyumba ngapi, njia ina upana gani ikiwa tupu na unabaki upana gani magari yakiwepo, na picha tatu nne zenye tarehe. Wapangaji watano sita wakisaini ni bora zaidi kwa sababu mtu mmoja akisaini peke yake mwenye nyumba anajua wa kumpandishia kodi. Nakala moja ipeleke Manispaa ya Kinondoni kwa watu wa mipango miji, maana wao ndo wanahifadhi michoro ya kibali, na kwenye ile michoro ndo itaonekana kama pale paliandikwa njia ama paking. Nakala nyingine serikali ya mtaa, mwenyekiti akiita kikao mara nyingi jambo linaisha pale kwenye viti vya plastiki kabla ya ofisi kubwa.

Kama nyumba zenyewe zingekuwa zimeuzwa moja moja chini ya ile Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, habari ingekuwa nyingine kidogo, njia na uwanja vingekuwa mali ya pamoja ya wamiliki wote na mmoja asingeweza kuvipangisha na kula hela mwenyewe. Nakutajia kwa sababu una majirani Mikocheni na Upanga watasoma hapa na kwao ndo ilivyo.

Lakini kabla ya barua, naomba ukazungumze naye. Nasema hivi nikiwa nimewahi kukaa na wenye nyumba wengi, wachache sana ni watu wabaya, wengi hawajawahi kuambiwa. Chukua magari matano kwa elfu sitini, anapata laki tatu kwa mwezi, hiyo ndo hela unayokwenda kumwomba aiache, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Mwambie pale mbele kuna bustani ya maua na lile banda la jenereta bovu (karibu kila jengo linalo), vikiondolewa zinapatikana nafasi nne za kupaki kwa kulala, wenye maduka wahamie huko walipe hiyohiyo sitini. Njia iwekwe vyuma vya kuchomoa viwili mwanzoni, kufuli jepesi la kukatika kwa mkasi, ufunguo kwenye msumari ndani ya kibanda cha mlinzi na sio mfukoni mwake. Maandishi ya ukutani yarudiwe rangi na chini yake iandikwe 114, hiyo ndo namba ya zimamoto, bure, mitandao yote. Nimeshaingia majengo ambayo watu walipiga simu kwa shemeji yao anayefanya kazi bandarini badala ya kupiga 114.

Utasikia pia ule utetezi wa "nimeacha namba yangu kwenye kioo, mnipigie". Kwa paking ya kawaida huo ni ustaarabu mzuri na nauunga mkono. Kwa njia ya zimamoto haufai, kwa sababu saa nane usiku simu ipo chaji sebuleni, mwenyewe kalala feni imewashwa, na pengine moshi umeshajaa kwenye ngazi anazotakiwa kushukia. Vilevile ule mtindo wa kuacha gari nyutro bila hendibreki, na jiwe kwenye tairi, ili watu walisukume. Kariakoo inasaidia mchana watu wakiwepo wa kusukuma, ila usiku, na kama njia ina mteremko, gari litaishia ukutani, na linaweza kuishia kwa mtu.

Na ikitokea moto kweli kabla haya hayajakaa sawa, msipoteze watu kwenye kusukuma gari la mtu. Piga 114 kwanza, taja mtaa na alama inayojulikana, msikiti, sheli, shule, halafu mtu mmoja asimame barabarani kulipokea gari na mwambieni dereva mapema kwamba njia ya pembeni imezibwa ili aamue palepale kuvuta mipira kutokea mbele badala ya kwenda kujibana kwenye kona asiweze kurudi nyuma. Mkimwambia mapema mmemwokolea dakika nyingi. Magari mkiyasogeza yasogezeni wakati mnasubiri, na wale tu wenye funguo mkononi, asirudi mtu juu kufuata ufunguo.

Kapime hiyo njia kwa tepu, sehemu nyembamba kabisa, ukuta kwa ukuta, halafu kutoka kwenye kioo cha Harrier mpaka ukutani. Uangalie na juu, kama kuna waya wa TANESCO umelegea au linta ya zege ya geti iko chini. Nenda saa nne usiku watu wote wakiwa wamesharudi, usiende saa nne asubuhi wakati magari yapo kazini na njia inaonekana pana. Ukinitumia vipimo na picha nitakuandikia hiyo barua mimi mwenyewe, nyinyi mtabakiwa na kusaini tu.